Nyota ya Mkia Juu ya Paa Letu

Juzi mjukuu wangu alinitia simu usoni, karibu anitoboe jicho. "Bibi, tazama! Kuna nyota ya mkia inakuja. Wataalamu wameshaipigia hesabu ilikotoka na inakokwenda." Nikavaa miwani, nikatazama. Kweli, doa jeupe gizani limeburura mkia wake, na pembeni wamechora mstari mrefu, unatoka mbali kusikojulikana, unalipitia jua kwa karibu, halafu unaondoka tena kwenda mbali. Nikasema mashaallah. Jirani yangu, aliyekuja kuomba bizari na kupata bizari na bado alikuwa hajaondoka, akachungulia naye, akaguna. "Hiyo haiji bure," akasema. "Itaondoka na mtu."

Nilipandisha hasira. Mjukuu wangu alishtuka, maana hajazoea kuniona nikisimama bila ya kushikwa mkono. Nilimwambia jirani achukue bizari yake aende zake, na nyota ya watu aiache. Jioni nilimpelekea sahani ya muhogo tukapatana, jirani ni jirani. Lakini maneno yale niliyasikia nikiwa msichana wa miaka kama kumi na miwili, hapa hapa kijijini Ole, na najua yalitaka kumfanya nini dada yangu. Kaa basi nikueleze, na chai ipo.

Ilikuwa mwisho wa miaka ya hamsini, msimu mkubwa wa karafuu. Wewe huijui karafuu ya wakati ule. Kijiji kizima kilinukia. Ukila, chakula kinanukia karafuu. Ukilala, mto unanukia karafuu. Ukisoma Kurani chuoni, hata juzuu ilinukia. Asubuhi wachumaji wanapanda mikarafuuni, wanaitana huko juu kwa nyimbo na matusi ya utani, na sisi watoto chini tunaokota zilizodondoka. Adhuhuri tunakula muhogo wa nazi na papa mkavu, vidole vichungu. Alasiri magunia ya karafuu mbichi yanaingia nyumbani, na hapo ndipo kazi ya wanawake inapoanza.

Karafuu mbichi haingoji. Huja na vikonyo vyake, na lazima ichambuliwe usiku ule ule ili kesho ipate jua. Unashika kishada, unakisugua juu ya kiganja, karafuu upande huu, kikonyo upande ule. Ukiiacha ikalala kwenye chungu, imerundikana, inapata moto, inachacha, inakuwa mpeta, nyepesi na haina harufu wala bei. Kwa hiyo tulikuwa na ada yetu: leo uchambuaji kwetu, kesho kwako, kesho kutwa kwa yule. Wanawake wanajaa uani na makandili yao, mwenye nyumba anapika mkate wa kumimina na chai ya tangawizi, na maneno ya kijiji yanachambuliwa pamoja na karafuu. Bibi yangu alikuwa akisema, "Uchambuaji ndiyo gazeti letu."

Bibi ndiye aliyetulea, mimi na Dada, baada ya mama yetu kufariki. Mwanamke mfupi, mkavu, sauti yake unaisikia kabla hujamwona. Dada alikuwa mrefu na mkimya, na mwaka ule alikuwa ameposwa. Mchumba alitoka ng'ambo ya bonde la mpunga, upande wa mashariki, kilima kwa kilima na sisi. Harusi ilikuwa baada ya msimu, kama harusi zote za kisiwani, pesa za karafuu zikishashikwa. Dada akawekwa ndani, asionwe na wakweze, akawa anachambua karafuu nyuma ya pazia la mlango wa uani na sisi tunamsukumia vishada kwa chini.

Basi jioni moja, watu wanatoka kusali Magharibi, mbingu ya kipupwe iko safi, tukaiona. Ilikuwa upande wa machweo, chini chini, kichwa kinang'aa na mkia umesimama kwenda juu. Nitasema uongo nikikwambia niliogopa. Nilipenda! Sijaona kitu kizuri kama kile tena, na nimeona mengi. Lakini wakubwa walianza astaghfirullah, na wengine wakapiga makopo kama mwezi umepatwa. Kila mtu akakumbuka nyota ya zamani ambayo babu yake aliiona, na njaa iliyofuata, na ndui iliyofuata. Haikukosekana balaa ya kuifungia mkia.

Siku chache baadaye akaja mshenga, yule mama aliyeleta posa, amekaza uso. Hakunywa chai. Alisema mama mkwe, yaani mama wa mchumba, ameiona nyota kwa macho yake, siku tatu mfululizo, imesimama juu ya paa letu. Si pengine popote: juu ya makuti ya nyumba yetu, mkia juu. Wamekaa wazee wa upande wao wakaona nyumba hii ina mkosi na mkosi wenyewe uko kwa bibi harusi. Kwa hiyo tutoe ng'ombe azungushwe nyumba, na Dada aogeshwe maji ya kombe, ya aya zilizoandikwa sahanini zikaoshwa, uwanjani, mbele ya watu wa pande mbili. Bila hivyo harusi ingoje mpaka ijulikane nyota hiyo imetoka wapi na inaelekea wapi.

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilimsikia Dada akisogea karibu na pazia, asikilize.

Usinifahamu vibaya. Bibi yangu alikuwa mtu wa dua. Kombe aliandikiwa, akanywa, akatunywesha na sisi tukiumwa homa. Alichoshindwa kukimeza ni kule uwanjani, mbele ya watu. Msichana akishaogeshwa mkosi hadharani, ameshaitwa mkosi, hata maji yale yangetoka Zamzam. Akiolewa, mtoto akikohoa ni yeye. Mchele ukiliwa na ndege ni yeye. Bibi akamwambia mshenga, taratibu kabisa, na ile taratibu yake ilitisha kuliko kelele: "Mjukuu wangu si uchafu hata aoshwe mbele ya kadamnasi. Nenda salama, mwanangu."

Usiku ule ilikuwa zamu yetu ya uchambuaji. Bibi alikoroga unga, akachemsha chai birika kubwa. Hakuja mtu. Taa zikapita njiani, zikakaza mwendo mbele ya nyumba yetu, zikaenda. Tulikaa watatu mbele ya chungu cha karafuu kilichonizidi kimo, na Dada akatoka nyuma ya pazia, maana hapakuwa na wa kumficha. Alichambua kwa hasira, vikonyo vikimruka hadi kwenye nywele. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na Bibi akaniambia, "Lia lakini mikono iendelee."

Mtu mmoja tu alipiga hodi: mwalimu wetu wa hesabu, mwanamke wa Wete aliyepangishwa chumba kijijini. Alivua viatu, akaketi, akavuta kishada. Hakujua kuchambua, alikuwa akivunja na karafuu zenyewe, na Bibi akamwachia. Mimi sikuweza kuzuia ulimi. Nikamwuliza: Mwalimu, nyota ile imetoka wapi, na inakwenda wapi?

Akaokota kigae cha sahani hapo uani, kile chenye ukingo. "Sahani hii ilikuwa kubwa kiasi gani?" Nikamwonesha kwa mikono. "Umejuaje, na umeona kipande tu?" Nikasema, ukingo wake umepinda, nikiufuata mpindo unanipeleka. "Basi ndivyo wanavyofanya," akasema. "Wanaipima nyota leo iko wapi, wanaipima siku nyingine, na nyingine. Wakipata mara tatu nzuri wanaona mpindo wa njia, wanaufuata mbele, na wanaufuata nyuma."

Lakini, akaniambia, nyota hizi za safari ndefu sahani yake ni kubwa ajabu, na kigae tunachokiona ni hiki kidogo tu, hapa karibu na jua. Ukikosea unywele huku, kule mwisho umekosea mno. Kwa hiyo wataalamu wanasema maelfu ya miaka, kisha wanabishana maelfu mangapi, na vipimo vipya vikija wanajisahihisha wala hawaoni haya. Na kuna jambo jingine: njiani inapita jirani na sayari za Mshtarii na Zohali, wakubwa wale, nao wanaivuta, wanaipindisha. Njia iliyojia siyo itakayoondokea. Pengine itarudi, pengine itatokomea moja kwa moja.

"Na ilipoanza safari hii," nikauliza, "Dada alikuwepo?"

Mwalimu akacheka. "Dada! Hakuwepo bibi wa bibi yake. Ulikuwa haujapandwa mkarafuu hata mmoja katika kisiwa hiki."

Nilimtazama Dada. Alikuwa ameacha kuchambua, kishada kimekaa kiganjani.

Mwalimu akanipa kazi. Nisimame jioni kwenye jiwe la kisima, pale pale kila siku, nitazame nyota iko upande gani wa mnazi. Nikafanya. Ilianza kulia kwa mnazi, ikaja nyuma yake, ikatokea kushoto. Ilikuwa inakwenda, nami ndiye niliyeiona ikienda. Lakini mimi sikuwa mtoto wa kupewa kazi moja. Pale kisimani liliniingia jambo. Kama mama mkwe, aliye mashariki yetu, anaiona juu ya paa letu, mbona mimi niliye kwetu siioni juu ya paa letu? Kutoka uwanjani kwetu ilikuwa juu ya nyumba ya Maalimu, jirani yetu wa magharibi, mtu wa falaki aliyekuwa akiwatazamia watu nyota zao na siku za kusafiri. Nikaenda mbio mpaka kwa Maalimu. Alaa! Kutoka kwake ilikuwa juu ya duka. Nikaenda dukani. Kutoka dukani ilikuwa juu ya msikiti.

Nilirudi nyumbani nikihema, nikamweleza Bibi. Alinikatiza: "Sema tena hilo la msikiti." Nikasema tena. Bibi akakaa kitako, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa kanga. Halafu akaacha kucheka. Asubuhi alimwita mshenga akamtuma: "Mwambie mwenzangu ng'ombe nitamtoa. Ila kwanza aje mwenyewe baada ya Magharibi, anioneshe kwa kidole nyota iko pembe gani ya paa langu, nisije nikaondoa mkosi pembe siyo."

Alikuja. Alikuwa mwanamke wa haiba, buibui jipya, na nyuma yake wanawake wa kwao wamejipanga. Na wa kijiji chetu, wale wale waliokuwa wakikaza mwendo, wakaota miguu ghafla, uwanja ukajaa. Maalimu naye aliitwa, akasimama kando na tasbihi yake. Wakasalimiana, wakaulizana hali, kila kitu kwa heshima. Kisha Bibi akasema, "Haya dada yangu. Nioneshe."

Mama mkwe akainua macho kwenye paa letu. Makuti tu, na mbingu tupu. Akageuka, akaitafuta, akaiona kule machweo, juu ya nyumba ya Maalimu. Akasema imehama.

Mtoto hasemi wakubwa wakisema. Hilo nilifundishwa kwa kofi. Lakini nilisema, na sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Nikasema haikuhama, ukirudi kwako sasa hivi utaikuta juu yetu tena. Hapa iko kwa Maalimu, kwa Maalimu iko dukani, dukani iko msikitini. Nimekwenda mwenyewe, nimeona. Je, na msikiti tuuzungushe ng'ombe? Nikasema iko mbali mno, mbali kuliko mwezi, iliondoka ilikoondoka hajazaliwa yeyote aliyesimama hapa, na haimjui Dada wala haimjui mtu yeyote Ole. Na walioko nyuma ya kilima chako, mama, wao jioni hii wanaiona juu ya paa la nani?

Halafu mwanamke mmoja wa upande wao, nyuma kabisa, akasema, "Ya Rabi, wifi yangu wa kule aliniambia iko juu yetu." Akazibwa mdomo na mwenziwe, lakini lilishatoka. Kicheko kilianza pembeni, kikaja mpaka katikati. Watu wakamgeukia Maalimu. Naye, Mungu amrehemu, hakujitia ujuzi. Alisema yeye anazijua zile zinazorudi, buruji na manazili zake, yaani makundi yake na vituo vyake. Huyu ni mgeni, hayumo katika hesabu yake, na wala yeye hakuulizwa na mtu.

Mama mkwe akapangusa uso. Si mtu mbaya yule, aliogopa tu, na hofu aliikuta imeshakaa kwao kabla yake. Akamshika Bibi mkono, akasema basi yameisha, ng'ombe hahitajiki, harusi iko pale pale. Wanawake wakaanza vigelegele. Mimi nilijiona nimeshinda vita vya dunia.

Hapo pazia likafunguka. Dada akatoka uwanjani, mbele ya wakweze, kichwa wazi hajajitanda vizuri, mikono myeusi kwa karafuu. Vigelegele vikafa. Alimsalimu mama mkwe shikamoo, akaitikiwa marahaba kwa sauti ndogo. Kisha akasema, nami namsikia mpaka leo: "Mama, leo mmeambiwa na mtoto kwamba mie si mkosi, mmekubali. Kesho mtaambiwa na nani kwamba ni mkosi, mkubali? Vitu vyenu vya posa vimo katika kasha, vizima. Naomba mvichukue."

Watu walimtazama Bibi, amkaripie. Bibi aliniangalia mimi, akamwangalia Dada, akasema, "Kasha liko chumbani. Nani ananisaidia kulibeba?"

Siku ya pili mchumba mwenyewe alikuja kwa baiskeli, jasho linamtiririka, kijana mpole, mzuri wa sura. Aliongea na Dada dirishani, Bibi akijifanya hasikii na mimi nikisikia wazi. Alisema si yeye, ni mama. Alisema yeye hakuamini hata kidogo, tangu mwanzo. Dada akamwuliza, "Hukuamini tangu mwanzo?" Akasema wallahi. Dada akasema, "Na baiskeli ulikuwa nayo." Akafunga dirisha.

Usiku ule uani palijaa. Walikuja wote na makandili yao, wamejiinamia. Bibi aliwapa chai, akawaambia, "Kumbe njia mnaijua," basi, hakusema tena. Chungu tulikimaliza, ingawa nyingi zilikwishakuwa mpeta na msimu ule ulituuma. Nyota ikazidi kushuka na kufifia, jioni moja nikasimama kwenye jiwe la kisima nikatazama, haipo.

Dada aliolewa Mgogoni, baada ya muda mrefu kuliko watu walivyopenda, na mtu aliyejileta mwenyewe. Walimwita majina kwa muda, Dada hakuitika hata moja. Mwalimu alihamishwa, sikumwona tena, na mpaka leo nikikutana na mtu wa Wete wa umri wake namkazia macho. Bibi amelala kule juu, karibu na mikarafuu aliyoipanda baba yake, na nusu ya mikarafuu hiyo imekufa. Uchambuaji wa usiku umekwisha. Siku hizi kila nyumba inachambua chake na redio, na ile ada ya leo kwangu kesho kwako haiko. Mbingu nayo imechujuka kwa mataa. Nalia? Nalia. Sitaki kuambiwa kwamba ya zamani yote yalikuwa mazuri, maana nilikuwepo, lakini wale watu nilikuwa nawataka, hata wale waliokaza mwendo.

Dada alifariki mwaka juzi. Tulikuwa tumekaa matangani, wanawake wamejaa, na nikasikia bi mkubwa mmoja anamnong'oneza mwenziwe, "Si ndiye yule wa nyota ya mkia? Aliyevunjikiwa na harusi?" Magoti yangu hayaniinui siku hizi bila msaada. Siku ile yaliniinua. Nikasema waziwazi, wasikie mpaka barazani kwa wanaume: "Naam, ndiye huyo huyo. Walimrudia, akawakataa. Mkisimulia, simulieni yote."